Mkeka wa Bi Miza

Namna nilivyofika Viraka haina faida kwa msomaji, kwa hiyo naiacha. Itoshe kusema kwamba niliingia kwa lango la mashariki asubuhi moja, viatu mkononi, na kwamba mimi kwa kazi yangu ni mpima ardhi, mtu wa kamba na vigingi, nisiyependa kutia chumvi. Niliyoyaona nitayasema kwa kipimo chake. Asiyeamini ana haki yake. Hata mimi siku ya kwanza sikuamini.

Ukiutazama kutoka juu ya boma lake, mji huo unafanana na paka wa madoa. Hapa mtaa mzima umepakwa udongo mwekundu, pale mtaa mzima masizi meusi, halafu tena mwekundu, bila mpango ambao mpima ardhi angeweza kuuchora. Wenyeji wanaamini kwamba mji wao umo ndani ya mwili wa jike anyonyeshaye, na kwamba mji kama huo umo ndani ya kila paka jike, kila mbuzi jike na kila mwanamke. Sikuwa na kamba ya kulipima hilo. Nililoliona ni kwamba maji ya mifereji yao ni mekundu na ya uvuguvugu, nao huyatumia bila kushangaa.

Kila nyumba ya Viraka ina wajuzi wawili, wanawake watu wazima: Bi Miza, aliyetoka upande wa mama wa mji, na Bi Tunu, aliyetoka upande wa baba. Ukiingia nyumba elfu utakuta Bi Miza elfu na Bi Tunu elfu, uso uleule, sauti ileile. Kila mmoja amehifadhi moyoni maagizo elfu moja ya kuendesha nyumba, tangu kuwasha jiko hadi kukanda udongo wa ukuta, na kazi yake ni kuyasoma kwa sauti kila asubuhi. Linalosomwa hufanywa. Tatizo lao liko hapo, kwa maana wakisoma wote wawili, kila jambo hufanywa mara mbili.

Nilionyeshwa gofu la nyumba ambamo wote wawili waliwahi kusoma. Ilikuwa na mapaa mawili, la juu limelielemea la chini. Ngazi mbili zilizogongana katikati. Na chungu cha mchuzi kilichotiwa chumvi mara mbili, ambacho hata paka walikuwa hawajakigusa. Nyumba hiyo haikumaliza wiki. Ndipo mji ukashika sheria yake kuu: nyumba moja, sauti moja.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," aliniambia Bwana Machano, mkuu wa Idara ya Sababu, aliyepewa kazi ya kunitembeza. Alikuwa mtu mpole, mnyoofu, mwenye daftari kubwa kuliko kifua chake.

Sheria hutekelezwa hivi. Nyumba inapotimiza umri wake, wajuzi wote wawili huketi barazani, kila mmoja na tita la miyaa alilozaliwa nalo, na kuanza kusuka ukili kama wa mkeka. Kwa muda husuka sawasawa. Kisha, bila mtu kutamka neno, mmoja wao huanza kuufumua ukili wake. Huyo anayefumua ndiye atakayesema maisha yake yote. Mwenzake huendelea kusuka, na kadiri ukili unavyorefuka anajizungushia mwenyewe, miguu, kiuno, mabega, kichwa, mpaka anakuwa furushi la mkeka. Kisha husogezwa ukutani, pembeni kabisa, asiwe njiani mwa watu.

"Hatujamfunga mtu," alisema Bwana Machano kwa fahari. "Amejifunga mwenyewe, kwa ukili wake mwenyewe. Andika hivyo, mgeni."

Niliandika. Nimeona nchi nyingi ambako mtu hunyamazishwa, lakini hii ilikuwa ya kwanza ambako hutakiwa pia atoe miyaa.

Nikamwuliza ni nini huamua nani afumue na nani asuke. Uso wake ukang'aa, maana hiyo ndiyo kazi ya Idara. Akafungua daftari. Kwa kila nyumba ya mwanzo palikuwa na sababu moja, iliyoandikwa baada ya tukio. Nyumba ya Kaskazini: Bi Miza alinyamaza kwa kuwa alipiga chafya. Nyumba ya Kisima: Bi Tunu alinyamaza kwa kuwa jua lilimpiga usoni. Nyumba ya Mteremko: Bi Miza alinyamaza kwa kuwa hakuwa na la kusema. Nikahesabu kurasa kumi. Nusu alinyamaza huyu, nusu alinyamaza yule, ikipungua au kuzidi kidogo. Nikatoa kauri mfukoni, nikairusha mara mia sakafuni mbele yake, nayo ikalala kifudifudi mara hamsini na mbili na chali mara arobaini na nane.

"Unaona?" nikasema. "Ni bahati tu."

Bwana Machano aliitazama kauri yangu, akalowesha kalamu. "Tutaitafutia sababu na hii," alisema.

Kitu ambacho si bahati ni hesabu. Idara huhesabu wajuzi kwanza. Mjuzi akiwa mmoja, kama ilivyo katika miji iliyomo ndani ya madume, hakuna ukili, hakuna mkeka. Yeye husema tu, na akiwa amesahau jambo, basi mji mzima umelisahau. Wakiwa wawili, mmoja hunyamaza. Ziliwahi kutokea nyumba zenye watatu, wakanyamaza wawili. Na uamuzi ukishafanywa haurudiwi. Nyumba hukua, hugawanyika, ikawa na binti, na binti haketi barazani kuchagua upya: aliyenyamaza kwa mama amenyamaza kwa binti na kwa kitukuu. Madoa ya mji yametokana na hayo. Anaposema Bi Tunu, mtaa ni mwekundu, kwa kuwa yeye huagiza udongo. Anaposema Bi Miza, mtaa ni mweusi, kwa kuwa yeye huagiza masizi. Kati ya mtaa na mtaa pana ukuta, na juu ya ukuta kuna dharau. Wekundu husema Bi Miza ni bubu wa kuzaliwa. Weusi, nilikuja kujua baadaye, husema bubu ni Bi Tunu. Kila upande una ushahidi wa macho yake.

Mimi nilipangiwa kulala kwa Bi Mashavu, mjane wa miaka thelathini na kitu, mwenye watoto watatu, katika Mtaa wa Mteremko. Ni mtaa mwekundu. Ua wake umepakana upande mmoja na ukuta wa weusi, na upande wa juu na mfereji mkuu, uliojengwa kwa mawe, unaopita usawa wa paa lake. Alinikaribisha vizuri, akaniita mjomba, akanitania kwamba mgeni mwenye kamba huenda amekuja kufunga mbuzi. Bi Tunu wake aliketi kwenye kiti cha ukumbi. Bi Miza wake alikuwa pembeni, furushi la mkeka uliopauka, na juu ya bega lake Mashavu alikuwa ametundika chekeche na kamba ya vitunguu.

"Humwoni kama mtu?" nilimwuliza.

"Nani? Huyo?" Alicheka. "Mjomba, hata mama yangu alitundika hapohapo."

Siku ya pili nikagundua jambo. Mkeka ule ulikuwa na upenyo usawa wa mdomo, na kutoka hapo, Bi Tunu alipokuwa akisoma yake, sauti ndogo ilisoma maagizo machache, labda moja katika kila saba. Na yalifanywa! Mashavu aliyasikia, akainuka, akafagia, akafunika maji. Nilipomwambia Bwana Machano kwamba mkekani kunasemwa, alinitazama kwa huruma.

"Mkekani hakusemwi."

"Lakini nimemwona Bi Mashavu akitii."

"Anafanya kwa mazoea. Hakuna kinachosikika." Na daftari likafungwa.

Kulikuwa na desturi nyingine iliyonikera masikio. Kila asubuhi, Bi Tunu anapofika mahali fulani katika usomaji wake, hunyamaza kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, kisha huendelea. Katika pumzi hiyo wanawake wote wa mtaa hukimbilia vinu na kutwanga. Vinu vitupu! Hakuna nafaka ndani. Hutwanga mpaka Bi Tunu anapoendelea, kisha huegesha michi. Niliuliza sababu nikapewa: wanamsaidia bibi kupumua. Nikaandika na hilo, nikaenda zangu kunawa.

Siku ya tano mfereji ulipata ufa.

Ulikuwa mwembamba kama uzi, juu ya chumba walicholala watoto. Ilipofika jioni kidole changu kiliingia. Kazi yangu ni kupima, nikaupima: kwa mwendo ule, ukuta ungekaa siku nne, tano zikizidi, na ukivunjika ungeondoka na nyumba ya Mashavu na zote zilizo chini yake. Mashavu aliwahamishia watoto ukumbini, akapiga magoti mbele ya Bi Tunu.

"Bibi, nisomee la kuziba ufa."

Bi Tunu alifungua kinywa. Akavuta pumzi. Kisha akasoma agizo lililofuata, la kukausha kunde.

"Bibi, la kuziba. Tafadhali."

Pumzi ileile ya kila asubuhi, kisha kunde. Mara ya tatu nilielewa, na nadhani Mashavu alielewa kabla yangu, maana alikaa chini sakafuni penye maji. Agizo lile Bi Tunu hakuwa nalo. Hakulisahau, halikuwahi kuwamo. Lilikuwa limenyofoka tangu upande wa baba, na kwa kuwa Bi Tunu wote ni mmoja, hakuna nyumba hata moja ya mtaa ule mwekundu ambayo ingelijua.

Kesho yake tulikwenda kwenye baraza la Idara. Mashavu aliomba jambo moja tu: Bi Miza wake aruhusiwe kusema siku moja, huenda yeye analo. Wazee wa Idara walilijadili ombi hilo kwa heshima na kwa muda mrefu. Mmoja alikumbusha gofu lenye mapaa mawili. Wa pili alisema bubu hana la kusema hata akifunguliwa, na ndivyo ilivyoandikwa daftarini. Wa tatu alisimama, akasafisha koo, akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, akapigiwa makofi.

"Methali tunayo, wazee wangu," alisema Mashavu. "Agizo ndilo hatuna."

Bwana Machano ndiye aliyetoa uamuzi, na alikuwa na huzuni ya kweli. Idara itachunguza sababu ya mafuriko yatakapokuwa yametokea. "Sababu hutafutwa baada ya jambo, Bi Mashavu. Kuitafuta kabla ni uchawi."

Sasa nitakiri kosa langu. Mimi ndiye niliyemwambia tumfungue wenyewe. Nilikuwa na kisu cha kukatia kamba, nilikuwa na hasira, na nilijiona mwerevu kuliko mji mzima. Mchana ule, watoto wakiwa kwa jirani, Mashavu aliondoa chekeche na vitunguu, nami nikaukata ukili kuanzia kisogoni. Ulikuwa mkavu, ulikatika kirahisi. Tukaukunjua mzunguko baada ya mzunguko.

Bi Miza alikuwa ndani, magoti kifuani, mdogo kuliko nilivyotazamia. Hakusogea. Tulipomtazama kwa karibu tuliona kwamba ukili ulikuwa ni mwanzo tu wa kufungwa kwake. Nywele zake zilikuwa zimefungwa mafundo madogo, maelfu. Vidole vimekunjwa kimoja juu ya kingine. Na midomo ilikuwa na matone ya nta, moja kwa kila agizo, yaliyoganda miaka mingi, isipokuwa kwenye kona moja ambako ile sauti ndogo hupita. Mkeka ungeweza kuondoka na yeye akabaki kimya vilevile.

"Bi Miza," Mashavu alisema. "Ufa. Tuzibe vipi?"

Kutoka kwenye ile kona ya mdomo likatoka agizo la kufagia, kisha la kufunika maji. Mengine hayakuweza kutoka. Macho yake yalikuwa wazi na yalimtazama Mashavu, na nitasema wazi kwamba sikuweza kuyatazama mimi.

Mashavu alilia. Hakunilaumu, na ingekuwa afadhali angenilaumu. Alichukua sindano ya mikeka akaushona ule ukili upya, taratibu, mshono mdogomdogo, akamrudishia bibi nguo yake, na chekeche na vitunguu mahali pake. Wakati huo maji yalikuwa yakipita chini ya mlango.

Siku ya nne ya ufa, alfajiri, tuliegemeza ukuta kwa kila kitu kizito kilichokuwa uani: mawe ya jiko, kitanda, na mwisho kinu. Kinu cha Mashavu ni cha mti mzito na kilishika vizuri. Jua lilipochomoza Bi Tunu akaanza kusoma. Akafika mahali pake. Akavuta pumzi. Mtaa mzima ukatwanga vinu vitupu, lakini uani kwa Mashavu hapakuwa na kinu cha kutwanga, na Mashavu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alisimama kimya katika ile pumzi.

Akainua mkono. "Mjomba. Sikiliza."

Kutoka ng'ambo ya ukuta, katikati ya vishindo, sauti ilikuwa ikisoma. Niliijua, maana niliisikia ikiagiza kufagia. Ilikuwa sauti ileile, ila nzima, nene, ya mtu aliyelala vizuri. "...chokaa pishi mbili, mchanga pishi tatu, ukoroge mpaka..." Kisha Bi Tunu akaendelea na kunde, na vinu vikanyamaza.

"Ni yeye," Mashavu alisema. "Huko anasema."

Nilipaswa kulifikiri hilo siku ya kwanza, mimi niliyeona madoa yote kutoka juu ya boma. Nyani haoni kundule.

Mashavu hakungoja. Katika ukuta ule palikuwa na kidirisha cha zamani, kimezibwa kwa mawe na udongo mwekundu upande wake na masizi upande wa pili. Alichukua mchi, mchi ule wa kutwangia upepo, akakipiga. Wenye mtaa walitoka wakapiga kelele kwamba anavunja mpaka. Alipiga mpaka jiwe la kwanza likaangukia ng'ambo, na uso wa mwanamke ukatokea, umetapakaa chokaa mpaka kwenye nyusi.

"Jamani! Nani ananibomolea?"

"Mimi Mashavu, jirani yako. Mfereji umepasuka. Naomba chokaa."

Yule mwanamke, aliyeitwa Zamda, hakuuliza swali la pili. Ndoo ilipita dirishani, na nyingine, na ya tatu. "Tunayo tele," alisema huku akipokeza. "Bibi yetu huagiza kila siku, tunachoma hata tusiyoihitaji. Zamani bibi zetu walikuwa wanawapitishia hapahapa. Mliziba nyie."

"Tuliambiwa mliziba nyie."

"Haya, basi tuliziba wote. Korogeni, isigande."

Tulikoroga, tukaziba. Mimi nilipanda ngazini, Mashavu akanipa, na ilipofika adhuhuri ufa ulikuwa mstari mweupe na maji yalikuwa yakipita juu yake kama kawaida. Ndoo tatu za mtaa mmoja zilitosha mtaa wa pili. Nililipima hilo na kulirudia.

Tuliporudi kushukuru, Zamda alikuwa bado dirishani, na safari hii alikuwa na haya kidogo. Alishika mapapai mawili. "Dada, samahani. Hivi lipi kati ya haya limeiva? Sisi huwa tunabahatisha. Watoto wanaumwa matumbo mwaka mzima."

Moja lilikuwa jekundu, moja kijani kibichi. Mashavu alinitazama, akamtazama Zamda, akaona hafanyi mzaha. Bi Tunu huagiza jinsi ya kutofautisha jekundu na kijani kila asubuhi, agizo la mia mbili na kitu, na watoto wa mtaa mwekundu hulijua kabla ya kutembea. Akamwonyesha. Zamda alilinusa lile jekundu, akaita watu wake waje waone.

Kupitia kidirisha niliona ukumbi wa Zamda. Kwenye kiti aliketi Bi Miza, mnene, mchangamfu, akisoma. Na pembeni, ukutani, palikuwa na furushi la mkeka, na juu yake kofia za kukingia jua na ufagio. Mashavu naye aliliona. Alijua aliyemo. Ni Bi Tunu wake, yule yule anayemwamsha kila siku kwa sauti ya mamlaka, na hapa alikuwa kigingi cha ufagio.

Tulirudi nyumbani. Bwana Machano alikuwa akitungoja mlangoni na daftari limefunguliwa. Alikuwa ameshaandika kwamba ufa ulizibika kwa sababu ya hekima ya baraza kutochukua hatua ya haraka. Mashavu alimpita. Aliwaambia watoto wake, waliokuwa wamerudi, wavue viatu. Akaenda pembeni ukumbini, akakiondoa chekeche begani mwa Bi Miza, akaiondoa kamba ya vitunguu, akapangusa vumbi kwa upindo wa kanga yake. Alijua kwamba bibi huyo hatasoma kamwe katika nyumba hii, wala katika nyumba za binti zake. Akapiga magoti.

"Shikamoo, Bi Miza."

 Kutoka kwenye upenyo wa mkeka, polepole, kwa sauti ya mtu aliyengoja miaka mingi kuitwa jina, jibu likaja.

"Marahaba, mwanangu."

Watoto walirudi nyuma. Mimi nilitazama sakafu. Bwana Machano alisimama na kalamu yake imelowa wino, na alichoandika mwisho wa ukurasa ule nilikisoma kwa macho yangu mwenyewe: kwamba saa nane mchana alikuwepo katika nyumba ya Bi Mashavu, Mtaa wa Mteremko, na kwamba hakusikia kitu. Kisha akavua kofia, akaipakata kifuani, akakaa hivyo kwa muda mrefu mbele ya lile furushi kabla ya kwenda zake.